Hukumu ya Mtazamaji

Mgeni akiandaliwa chakula, akakuta chembe ya mchanga katika wali, adabu ya kwetu yamtaka ameze na kushukuru. Lakini mnunuzi aliyeuziwa mchele wenye mchanga, adabu hiyo hiyo haimkatazi kurudi dukani na kusema wazi kwamba amelipishwa mchanga kwa bei ya mchele. Sasa fikiri, msomaji, juu ya mtu aliyeketi mbele ya televisheni au katika jumba la sinema, akatazama kisa kirefu cha majoka, wachawi na wafalme, na mwishowe akaona kwamba kisa kile ni kibovu. Je, huyu ni mgeni au ni mnunuzi? Ameze au aseme? Na kama atasema, aseme kwa ukali gani, na juu ya nani?

Swali hili laonekana dogo. Wengi watakuambia kwamba sinema ni mchezo, na kwamba mchezo haustahili kumwumiza mtu kichwa. Mimi sikubaliani nao. Mambo ambayo watu huyatazama kwa hiari, baada ya kazi, wakati hakuna mwalimu wala mzee anayewalazimisha, ndiyo yaingiayo moyoni bila kubisha hodi. Tena utazamaji una gharama yake. Tamthilia ya Game of Thrones, iliyoonyeshwa Marekani tangu mwaka 2011 hata mwaka 2019, ina sehemu 73. Mtu akizitazama zote mfululizo bila kulala zitamchukua saa zipatazo 70, yaani karibu siku tatu, usiku na mchana. Hakuna mgeni aliyepata kuketi karamuni muda kama huo. Mwenye kutoa saa 70 za maisha yake ametoa kitu ambacho hata tajiri hawezi kumrudishia, na kwa hiyo ana haki ya kusema.

Walakini saa si kitu pekee alichotoa. Ametoa pia imani yake, na hapa ndipo visa vya ajabu vinapotofautiana na visa vingine. Kuna wazee, na hata vijana wenye haraka ya kuzeeka, wasemao kwamba kisa cha majoka ni uongo mtupu, na kwamba kuupima uongo ni sawa na kupima moshi kwa mizani. Wasemao hivyo wamesahau malezi yao. Kila aliyeitikia "Pakawa" katika jioni za utoto wake alikubali jambo kubwa: alikubali kwamba sungura atasema, kwamba zimwi litameza kijiji kizima na watu watatoka tumboni mwake wakiwa hai, na kwamba yeye msikilizaji hatauliza yamewezekanaje. Alimkopesha msimulizi imani. Lakini mkopo una masharti. Msimulizi akimpa sungura ujanja leo, kesho akamfanya mjinga bila ya sababu ili hadithi imalizike upesi, watoto hupiga kelele, nao wana haki ya kupiga kelele.

J. R. R. Tolkien, mwandishi Mwingereza aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, alilieleza jambo hili vizuri katika mhadhara alioutoa mwaka 1939 kwenye Chuo Kikuu cha St Andrews, huko Scotland. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba mtunzi wa hadithi za namna hii huumba ulimwengu wa pili, na yasemwayo humo ni kweli maadamu yanafuata sheria za ulimwengu huo. Shaka ikizuka, uganga umekwisha, na msomaji hujikuta amesimama nje. Ona, basi, kwamba mtazamaji wa sinema ya ajabu si hakimu asiye na sheria. Sheria anayo, tena amepewa na mtunzi mwenyewe.

Chukua mfano. Katika msimu wa saba wa Game of Thrones, ulioonyeshwa mwaka 2017, watu wachache wamezingirwa na maiti watembeao, juu ya ziwa la barafu, mbali kaskazini. Mmoja wao akimbia hata kwenye ukuta wa mpaka, ndege wa barua atumwa kusini mpaka kisiwani kwa malkia, na malkia apanda joka lake na kuruka kuja kuwaokoa. Yote hayo kabla ya wale waliozingirwa kufa kwa baridi. Watazamaji wengi walinung'unika. La kuzingatia ni kwamba hawakunung'unika juu ya joka, wala juu ya maiti kutembea. Walinung'unika juu ya masafa. Kwa misimu sita tamthilia ilikuwa imewafundisha kwamba nchi ile ni pana, kwamba safari huchukua siku nyingi na huua watu njiani. Na sasa safari ile ile yamalizika kama mtu aliyetoka nyumbani kwenda kisimani. Sheria ilivunjwa na aliyeitunga. Manung'uniko yale yalikuwa ya haki kabisa, na yeyote aliyewacheka kwa kusema "unaamini joka lakini huamini ndege" hakuelewa alichokuwa akikicheka.

Kwa kuwa ninadai haki hii kwa wengine, sina budi kuitumia mwenyewe bila kuuma maneno. Kitabu cha Tolkien kiitwacho The Hobbit, kilichotoka mwaka 1937, ni kitabu kimoja cha watoto, wala si kinene. Peter Jackson wa New Zealand alikigeuza kuwa sinema tatu ndefu, za mwaka 2012, 2013 na 2014. Huo ni mchuzi ulioongezwa maji mara tatu. Mapigano yamerefushwa kwa ajili ya urefu wenyewe, na yule mtu mdogo mpenda starehe za nyumbani kwake, ambaye kisa ni chake, apotea katika vumbi la watu wengine. Na bado Jackson huyo huyo ndiye aliyetengeneza sinema tatu za The Lord of the Rings, za mwaka 2001, 2002 na 2003, ambazo ya mwisho wake ilipata tuzo 11 za Oscar. Nami sioni hata moja iliyotolewa kwa upendeleo. Mkono ni mmoja, kazi ni mbalimbali. Anayesema kwamba kulaumu kazi ni kumchukia fundi na atazame hapo.

Lakini sifa niliyoitoa ina mwiba ndani yake. Msomaji wa Kiafrika akitazama sinema ile ya mwaka 2003 ataona kwamba majeshi ya wanadamu yanayokuja kuuunga mkono uovu yatoka kusini, yamepanda wanyama mfano wa tembo wakubwa kupita kiasi, na nyuso zao zimefungwa vitambaa. Wema wakaa kaskazini na magharibi. Ni haki yetu kuuliza kwa nini dira ya uovu ielekee huku kwetu mara nyingi hivi, na atakayetuambia kwamba ni hadithi tu amesahau kwamba hata yeye huifurahia kwa sababu si tu. Hata hivyo hakimu mwema hasomi nusu ya hati. Katika kitabu chenyewe, katika juzuu iliyotoka mwaka 1954, Sam, mtumishi mnyenyekevu, amwona askari mmoja wa kusini ameanguka chini amekufa. Sam hashangilii. Ajiuliza mtu yule aliitwa nani, kama kweli moyo wake ulikuwa mwovu, na ni uongo gani au vitisho gani vilivyomtoa kwao akaja kufa mbali hivyo. Katika sinema mawazo hayo alipewa mtu mwingine, Faramir, tena katika nakala ndefu iliyouzwa baadaye. Walioiona majumbani hawakuyasikia. Sinema ya saa tatu haikupata nafasi ya maneno machache ambayo yangalimpa adui uso. Hilo ndilo kosa lake kubwa machoni pangu, kubwa kuliko majoka yote mabaya ya sinema nyingine.

Sasa tuurudie mwisho wa Game of Thrones, maana ndio uliozua ugomvi. (Sikushauri uitazame tamthilia hiyo katika umri wako, ina damu na utupu mwingi kuliko kisa chenyewe kinavyohitaji.) Daenerys, binti wa ukoo wa kifalme, alianza akiwa ameuzwa kama mfugo, akaishia kuwa mkombozi wa watumwa. Alivunja minyororo katika miji mitatu. Halafu katika sehemu iliyoonyeshwa tarehe 12 Mei 2019, mji mkuu wa adui zake ulipokuwa umekwisha kusalimu amri na kengele zinalia, yeye aliuteketeza kwa moto wa joka pamoja na wanawake na watoto waliokuwamo. Watu wakapiga kelele kwamba jambo hilo limetoka hewani.

Halikutoka hewani. Katika msimu wa nne malkia huyo aliwatundika misalabani mabwana 163 wa mji mmoja, bila kuuliza ni nani kati yao aliyetenda kosa na ni nani aliyelipinga. Wengi wetu tulishangilia, kwa sababu waliotundikwa walikuwa wenye watumwa. Mtu afanyaye ukatili juu ya watu tunaowachukia hutufurahisha, nasi humwita shujaa. Siku akiugeuzia ukatili huo huo kwa watu tunaowahurumia, twasema amebadilika ghafula. Yeye hakubadilika sana. Kilichobadilika ni aliyesimama mbele yake. Kisa cha mkombozi ageukaye kuwa mtesi ni kisa kikubwa, na vitabu vya historia vimejaa mifano yake. Lawama yangu ni nyingine: kwamba kisa kikubwa hivyo kilikimbizwa. Misimu sita ya kwanza ilikuwa na sehemu kumi kila mmoja. Wa saba ulikuwa na saba, na wa mwisho ulikuwa na sita. Mahali palipotakiwa kutuonyesha hatua kwa hatua jinsi moyo unavyooza, tulionyeshwa moyo mzima jana na moyo mbovu leo. Mtunzi alikuwa na neno la kweli la kusema, akalisema mbio mbio kama mtu anayekimbilia gari.

Na katika kelele za wakati huo, jambo lililosemwa kwa sauti kubwa kuliko mengi ni kwamba kikombe cha kahawa cha siku hizi kilisahauliwa juu ya meza ya karamu, mbele ya malkia, katika sehemu ya nne ya msimu huo. Kikombe! Kilifutwa upesi katika picha na hakuna aliyedhurika. Ukitaka kujua kama mtu ana jicho la hukumu au ana ulimi tu, mwulize aliona nini kingine zaidi ya kikombe.

Labda utaniuliza: wewe ni nani hata uwahukumu mafundi wa dunia, nawe hujapata kushika kamera? Hoja hii ni ya zamani na ni dhaifu. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyelala juu ya kitanda ndiye ajuaye kunguni, si seremala. Lakini methali hiyo ni kisu chenye makali pande mbili, maana yamfunga pia yule asiyelala. Mwezi wa Septemba 2022 kampuni ya Amazon ilianza kuonyesha tamthilia ya The Rings of Power, inayotokana na maandishi ya Tolkien. Kabla ya kuonyeshwa, tayari palikuwa na watu waliokwisha kuichukia, wengine kwa sababu tu baadhi ya waigizaji wake walikuwa weusi. Amazon ilizuia maoni ya watazamaji yasitangazwe kwa muda wa saa 72, ili ichuje ya kweli na ya hila. Mimi niliitazama, nikaiona nzuri kwa macho na nzito kwa miguu: hutembea polepole mno, na huficha siri zake hata msikilizaji akasahau alikuwa akingoja nini. Mtu aliyetazama akachoka kama mimi ana neno. Mtu aliyekasirishwa na rangi ya ngozi ya mwigizaji kabla taa hazijazimwa hana hukumu juu ya tamthilia. Ana ugonjwa wake, na tamthilia imempa mahali pa kukohoa.

Hapo ndipo tunapofikia kiini cha jambo, nacho ni mpaka kati ya kazi na mtu. Katika tamthilia ya Breaking Bad, iliyoonyeshwa kuanzia mwaka 2008 hata 2013, mwalimu mmoja wa kemia ageuka kuwa mtengenezaji wa dawa za kulevya, mwongo na mwuaji. Mkewe, Skyler, ampinga. Ungedhani watazamaji wangekuwa upande wa mke. Wengi wao walimchukia yeye, kwa kuwa alikuwa akimharibia mumewe starehe ya uhalifu. Mwezi wa Agosti 2013 mwigizaji Anna Gunn, aliyekuwa Skyler, aliandika katika gazeti la New York Times kwamba chuki ile ilivuka kutoka kwa mwanamke wa hadithi ikamfikia yeye mwenyewe, hata mtu mmoja akaandika akiuliza atampata wapi ili amwue. Fikiri: amwue mtu kwa kosa la kuigiza vizuri mke mwenye haki.

Kuna na Ahmed Best. Mwaka 1999 kijana huyu alimwigiza Jar Jar Binks, kiumbe mwenye masikio marefu na miguu isiyotulia, katika sinema ya Star Wars iliyoitwa The Phantom Menace. Kiumbe yule hakupendwa. Mimi pia simpendi. Mzaha wake ni wa mtu anayeteleza juu ya ganda la ndizi lile lile mara kumi. Lakini matusi hayakuishia kwa kiumbe. Yalimfuata kijana mwenyewe, ambaye hakuandika hata neno moja la kisa kile. Mwaka 2018 alieleza kwamba uzito wa matusi hayo ulimfikisha karibu na kujiua. Sasa pima. Sinema mbaya huchukua saa mbili za mtazamaji. Ulimi wa mtazamaji ulikaribia kuchukua uhai. Mwaka 2023 Best alirudi katika tamthilia ya The Mandalorian, ya ulimwengu huo huo wa Star Wars, safari hii kwa uso wake mwenyewe na panga za nuru mkononi, akimwokoa mtoto, watazamaji wakamshangilia. Ilikuwa imepita miaka 24.

Utasema kwamba watazamaji wakikusanyika huwa kundi la nyuki. Si lazima. Mwaka 1968 tamthilia ya Star Trek ilikuwa hatarini kukomeshwa na kituo cha NBC. Humo mlikuwa na afisa wa mawasiliano aitwaye Uhura, mwanamke mweusi, ambaye jina lake lilitolewa katika neno letu la uhuru. Watazamaji waliandika barua kwa maelfu, wakaeleza kwa nini waliipenda, na mwezi wa Machi kituo kikatangaza kwamba tamthilia itaendelea. Ikapata msimu wa tatu. Mwaka 2019 zaidi ya watu milioni moja walitia sahihi ombi la kutaka msimu wa mwisho wa Game of Thrones utengenezwe upya na waandishi wenye uwezo, kana kwamba wale wa kwanza hawakuwa nao. Nimekwisha kusema kwamba msimu ule ulikimbizwa, na sirudi nyuma. Lakini ombi lile sikulikubali. Wale wa 1968 waliomba watunzi waachwe wafanye kazi yao. Hawa wa 2019 walitaka watunzi waondolewe katika kazi yao wenyewe. Mkopesha imani anaweza kuidai imani yake irudi, na kusema mbele ya watu kwamba alidhulumiwa. Hawezi kudai akabidhiwe kalamu.

Sijasema neno juu ya kosa la upande wa pili, ambalo huenda likawa ndilo letu zaidi: kunyamaza kwa sababu ya upendo. Mwaka 2018 ilipotoka sinema ya Black Panther, iliyoongozwa na Ryan Coogler, watu weusi duniani kote walikwenda kuitazama kama waendao arusini. Mwenzetu Lupita Nyong'o alikuwamo, na mwezi wa Februari sinema ilionyeshwa Kisumu kwa shangwe. Nami nilishangilia. Ruth E. Carter aliyebuni mavazi yake alipata Oscar, na alistahili: alichota kwa Wamasai, kwa Wabasotho, kwa Wazulu na kwa Wahimba, na bado nguo zikaonekana za taifa moja. Lakini kijana akithubutu kusema lolote juu ya kasoro zake, aliambiwa kwamba anawapa adui silaha.

Silaha gani? Nchi ya Wakanda ina madini, madaktari na vyombo vya angani kuliko dunia nzima, lakini mfalme wake hupatikana kwa ngumi na mkuki juu ya maporomoko ya maji. Mgeni mwenye mabavu akaja, akamshinda mfalme, na kwa siku chache nchi nzima ikawa mkononi mwake kwa mujibu wa sheria. Haya nayasema kwa sinema ninayoipenda. Hatuhitaji kuambiwa na wengine kwamba Mwafrika mwenye elimu yote hiyo bado huchagua kiongozi kwa misuli. Na kama wapinzani wetu wangetunga kisa hicho tungekikataa siku hiyo hiyo.

Tena tazama ni nani asemaye kweli ndani ya sinema yenyewe. Ni Nakia, yule aliyeigizwa na Lupita. Mapema kabisa amwambia mfalme T'Challa usoni kwamba nchi yenye utajiri huo haina haki ya kujificha huku watu wa nje wanateseka. Yeye ni mpenzi wa mfalme na ni mpenzi wa nchi, na kwa sababu hiyo ndiyo asema. Mfalme amjibu kwamba Wakanda si kama nchi nyingine. Baadaye, alipokwisha kushindwa na kuanguka, T'Challa asimama mbele ya roho za wazee wake, na baba yake mzazi kati yao, naye awaambia wote kwamba walikosea. Hakumtukana baba. Aliporudi katika ufalme alinunua majengo huko Oakland, Marekani, mahali ambapo baba yake alimwua ndugu yake na kumwacha mtoto yatima, akafungua kituo cha kuwasaidia watu. Na kazi ya kukiongoza upande wa huduma za jamii akampa Nakia.